Papa Zébédée Banza, Aliyeweka Rehani Kinywa Chake

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu wa 2025, Papa Zébédée Banza anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi katika kliniki yetu ya meno hapa Kamina. Alianza mwaka 1988, nchi ikiwa bado inaitwa Zaïre na nywele zake zikiwa bado nyeusi. Docteur Guylain, mkuu wetu, aliniomba mimi Cathy wa mapokezi niandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe. Aliniambia niwe mfupi na niwe na heshima. Heshima nitajitahidi.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufungua kinywa mbele yake, kazi ya Papa Zébédée ilikuwa kuchukua chapa za meno, zile tunazoziita hapa amprenti. Wengi wanadhani daktari wa meno anachungulia, anashika koleo, basi. Lakini mtu akitaka meno ya bandia, au mtoto akiwa na meno yaliyopandana, daktari anahitaji kukaa na kinywa kile mezani, akigeuze, akipime, afikiri taratibu, wakati mwenyewe ameshakwenda nyumbani kupika. Hapo ndipo mzee wetu anapoingia. Anakoroga unga wa pinki na maji, anaujaza katika kibakuli cha chuma, anakiingiza kinywani, anasubiri ugande, anakitoa. Ndani ya alama zile anamimina plasta nyeupe, ile wanayofungia mifupa iliyovunjika, na ikishakauka unapata kinywa kizima cha mtu, na meno yake yote na mapengo yake yote. Docteur Guylain husema kwamba bila chapa yeye ni fundi cherehani anayekata kitambaa bila kumpima mwenye suti.

Papa Zébédée alizaliwa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, katika nyumba za familia za wanajeshi, lakini baba yake hakushika bunduki. Alikuwa muoka mikate wa kambi. Mtoto alikanda unga kabla ya kujua kusoma, na hadi leo ukimwona anakoroga mchanganyiko wake, kiwiko kimetulia na kifundo cha mkono kinakimbia, unajua kwamba mkono ule ulifundishwa mbele ya tanuri. Shule alisomea kwa Wamethodisti, akafanya kazi hapa kama msaidizi wa kawaida, kisha kliniki ikampeleka Lubumbashi kujifunza ufundi wa meno ya bandia. Alirudi na cheti na sanduku la vifaa. Sanduku bado lipo, na ole wake atakayelisogeza.

Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, unga ule wa pinki huganda haraka kuliko mkono unavyoweza kukoroga, isipokuwa maji yawe ya baridi. Friji yetu inafuata tabia za umeme wa mji huu, yaani haina tabia. Papa Zébédée akaleta mtungi wa udongo kutoka kwake, akauweka kivulini nyuma ya mlango wake, akautangaza kuwa kifaa cha matibabu. Sote tulikunywa maji ya mtungi ule kwa kujificha. Docteur Guylain mwenyewe alikamatwa na kikombe mkononi, akaambiwa kwamba ameyameza meno ya wagonjwa wawili. Siku hiyo nilicheka hadi nikashindwa kuita jina la aliyefuata.

Tena kulikuwa na suala la kutapika. Kibakuli kikifika nyuma ya ulimi, hata mwanajeshi mwenye nyota begani anageuka mtoto. Dawa ya Papa Zébédée ilikuwa kumwambia mtu anyanyue mguu mmoja juu, auweke hewani, aimbe wimbo wa kanisani kwa kupitia puani. Akili ikiushughulikia mguu na wimbo, koo linasahau. Kwa miaka mingi mapokezi yangu yamepambwa na sauti za watu wazima wanaovuma kama nyuki nyuma ya pazia. Alikuwa akidai kwamba Wamethodisti wanavuma kwa muda mrefu kuliko Wakatoliki, na mimi niliyebatizwa Katoliki nimempinga hadi leo. Suala hilo anastaafu nalo bila kupata ushindi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenyewe alisema nisiliache, maana bila hilo wasifu utakuwa wa mtu mwingine.

Papa Zébédée hatupi kitu. Misumari iliyopinda anainyoosha. Mikebe ya maziwa anaipanga. Na chapa za plasta, baada ya mgonjwa kupata meno yake, alikuwa anaziweka juu ya rafu, safu juu ya safu, mpaka rafu ikaanza kuinama. Docteur Guylain akamwomba azipunguze. Mvua za mwaka 2018 zilikuwa nyingi, na njia ya kutoka getini hadi mlangoni kwetu ilikuwa tope tupu. Kina mama walikuwa wanaacha viatu humo. Papa Zébédée akaona hapo pa kuyamaliza matatizo mawili kwa pamoja. Akazijaza zile chapa katika mashimo ya njia, akafunika na udongo, akakanyagia vizuri. Kwa muda mfupi tulikuwa na njia nzuri kuliko ya ofisi yoyote mjini.

Halafu mvua ikaendelea. Udongo wa juu ukasombwa, na vinywa vikaanza kutokea. Mama Talitha, mwalimu wa shule ya msingi na sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake, alikuwa anakuja kumwona daktari. Mama Talitha ana mwanya mkubwa mbele, mzuri, unaojulikana kutoka stesheni hadi sokoni. Alipofika katikati ya njia akaangalia chini ya kiatu chake, akasimama.

“Hii mwanya njo yangu!” alipiga kelele. “Bantu bote banakuya kunikanyaga!”

Tulitoka sote. Ilikuwa kweli. Ulikuwa mwanya wake, na kando yake meno ya marehemu fulani, na mbele kidogo kinywa cha shemasi mmoja. Ningependa kusema kwamba hatukucheka. Lakini Mama Talitha hakucheka hata kidogo, na alipoanza kulia na sisi tukanyamaza. Kinywa hicho ndicho alichoimbia, ndicho alichofundishia watoto wa watu, na miguu yenye tope ilikuwa imekipita kwa majuma.

Papa Zébédée alipiga magoti mvuani akakusanya vinywa vyote kwa mkono, akavizika vizuri nyuma ya uzio, akaenda nyumbani kwa Mama Talitha kuomba msamaha. Alisamehewa. Mji haukusamehe haraka hivyo. Habari ilikwenda sokoni, ikapanda baiskeli za wauza samaki, ikashuka hadi ziwani: ukiwaachia wale watu kinywa chako, watakikanyaga. Kwa miezi mingi hakuna aliyekubali chapa. Walikuja kung'olewa tu. Docteur Guylain hakuweza kupanga matibabu ya mtu yeyote, na Papa Zébédée alikuwa anafika asubuhi, anajaza mtungi wake maji, anakaa. Nilimwona amekonda.

Hali ilikuwa hiyo alipofika Ève.

Alitoka Kinkondja, kule ziwani, kwanza mtumbwi, kisha baiskeli, kisha lori, akiwa na mtoto wake wa kwanza, Jephté, na mama yake mzazi, Kambo Mwila; kambo kwetu ndiyo bibi. Mtoto alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka na kaakaa lenye ufa tangu mbele hadi nyuma. Hakuweza kunyonya. Maziwa yaliyoingia mdomoni yalitoka puani, na Ève alikuwa anakamua na kumdondoshea kwa kijiko, tone kwa tone, mchana na usiku. Uso wa mtoto ulikuwa wa mzee. Docteur Guylain alimpima, akaeleza bila kuzungusha: kuna wapasuaji Lubumbashi wanaoweza kufunga mdomo na kaakaa, lakini mtoto lazima kwanza anenepe, na ili anenepe inabidi atengenezewe bamba dogo la kuziba ufa ili aweze kumeza. Bamba haliwezi kutengenezwa bila chapa. Na wapasuaji nao wataihitaji chapa hiyo ili wapange kazi yao. Bila bamba, alisema, sina uhakika kama mtoto ataufikia mwezi ujao.

Ève alikubali. Kambo Mwila akakataa.

“Tulisikia kama huku kwenu banakanyagaka mudomo ya bantu,” alisema, na alisema akiwa amesimama. “Ya mujukulu yangu haiwezi kubakia huku.”

Docteur Guylain alieleza tena. Mimi nilieleza. Tamar, fundi mwenzetu ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa kusaidiana na Papa Zébédée, akaeleza vizuri kutuzidi sote. Kambo alikuwa anafunga kitenge chake, tayari kumbeba mtoto. Na sitamlaumu. Alikuwa analinda kitu kimoja ambacho mtoto yule alikuwa nacho, yaani heshima yake, na ni sisi tuliompa sababu.

Papa Zébédée hakueleza kitu. Aliingia chumbani kwake, akamwita Tamar, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Akamwomba Kambo aingie aangalie. Kisha akafungua kinywa, akanyanyua mguu wake juu, akaanza kuvuma wimbo, na Tamar, baada ya kumwaga mchanganyiko wa kwanza, akamchukua chapa. Walimimina plasta mbele ya Kambo. Walisubiri pamoja ikauke, mzee na mwanamke mzee. Ilipokuwa tayari akaifunga kwenye kitambaa safi, akampa kwa mikono miwili.

“Kambo, mudomo yangu njo hii. Minyi nikikanyaga ya mutoto, na weye kanyaga yangu.”

Kambo Mwila alifungua kitambaa. Aliangalia kwa muda, akapitisha kidole kwenye fizi za plasta, akainua macho.

“Weye njo unatengenezaka bantu meno,” alisema. “Na yako iko wapi?”

Maana Papa Zébédée, wasomaji wapendwa, hakuwa na magego upande wa kushoto, na alikuwa ametuficha jambo hilo miaka yote kwa kutafunia kulia. Chumba kizima kilicheka, na yeye wa kwanza. Kambo alikaa. Akakiweka kinywa cha Papa Zébédée mapajani na kukifunika kwa mkono, akasema waanze.

Kumchukua chapa mtoto mchanga ni kazi ambayo sisi tulio nje tunaisikiliza kwa masikio tu. Haitumiwi dawa ya usingizi. Ève alimshika wima, ameinamishwa kidogo mbele, tumbo likiwa tupu ili asipaliwe. Docteur Guylain alishika taa. Papa Zébédée alikanda mpira laini, unaotumika kwa wachanga badala ya unga, kwa vidole kama alivyokanda mikate ya baba yake, akaufinyanga mdogo kabisa, akauingiza. Mtoto anatakiwa kulia wakati wote, kwa sababu anayelia anapumua. Mimi nilikuwa mezani kwangu na kalamu mkononi, siandiki kitu. Nilisikia kilio, na halafu nikasikia kimya.

Papa Zébédée alivuta mpira ule kabla haujaganda, Docteur Guylain akamgeuza mtoto kifudifudi mkononi mwake, na kile kimya kilikuwa kirefu mno. Kisha Jephté akakohoa, akalia. Chapa ilikuwa imeharibika. Kambo alikwisha simama, uso wake umebadilika, akinyoosha mikono amchukue mjukuu wake waondoke.

“Mama, ikala,” Ève alisema, akimwonyesha kiti. Ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti yake ikiwa kubwa. “Bajaribu tena.”

Papa Zébédée aliosha mikono. Tamar aliniambia baadaye kwamba aliiosha kwa muda mrefu sana na kwamba alikuwa anaomba. Akakanda upya. Safari hii alimwongelesha mtoto tangu mwanzo, karibu na sikio, kwa sauti moja isiyopanda, akimwita papa kama tunavyowabembeleza wavulana.

“Lia, papa, lia. Ukilia minyi niko na amani.”

Na Jephté akalia. Alilia tangu mpira ulipoingia hadi ulipotoka, kwa hasira, kwa nguvu ambazo hatukujua anazo. Watu waliokuwa wanasubiri kwenye mabenchi walifikiri anateswa. Mimi sijawahi kupenda kelele ya mtoto namna ile, na sioni aibu kusema kwamba nililia pamoja naye.

Plasta ilimiminwa Kambo akiwa ameinamia meza. Papa Zébédée alilala hapohapo kliniki, hakutaka bamba licheleweshwe. Lilikuwa kubwa kama ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima na kuzidi kidogo, la rangi ya fizi. Alilipitisha kwenye shavu lake mwenyewe kutafuta kama kuna mahali panapokwaruza, akalisugua, akalipitisha tena. Walipomwekea mtoto, Ève akampa chuchu ya chupa. Tulisubiri maziwa yatoke puani kama kawaida. Hayakutoka. Koo dogo lilikuwa linapanda na kushuka. Kambo Mwila alisema “Wafwako”, ambayo ndiyo asante ya Kiluba, akairudia mpaka chupa ikaisha.

Mengine yalikuwa marefu lakini ya njia iliyonyooka. Mabamba mapya kadiri mtoto alivyokua, mengine yakachukuliwa chapa na Tamar, Papa Zébédée akiwa kando ameficha mikono mfukoni ili asiingilie. Lubumbashi mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa kaakaa. Chapa za Jephté Kambo alizibeba mwenyewe hadi kwa wapasuaji, mapajani, safari nzima, na akazirudisha Kinkondja vilevile.

Kwetu kilibadilika kitu ambacho hakuna mkuu aliyekiamuru. Tangu siku ile kila mtu aliyemaliza matibabu anaondoka na kinywa chake, kimefungwa katika kitambaa, na anakabidhiwa kwa mikono miwili. Kambo alilisema jambo hili kila mahali lori liliposimama, na watu wakarudi. Leo ukiingia nyumba nyingi za mji huu utakuta vinywa kabatini, karibu na glasi za wageni. Mjane wa mwalimu Marc aliniambia kwamba mume wake katika picha zote amefunga mdomo, amekuwa serious kama picha ya kitambulisho. Jino lake lililokatika pembeni, ambalo alimpendea, liko kwenye plasta tu. Jumapili huifuta vumbi. Nilimweleza Papa Zébédée habari hiyo, akaenda kukaa nje peke yake.

Kinywa chake yeye hakijarudi. Kambo Mwila anasema kiko salama na hakuna haja ya haraka. Kwa hiyo mwaka jana, Docteur Guylain alipomshawishi hatimaye atengenezewe magego, ilibidi achukuliwe chapa nyingine, na Tamar hakumwaga kitu. Alivuma kwa muda mfupi sana kwa Mmethodisti. Nililiandika hilo.

Wapo watakaotaja meno mangapi ametengeneza. Mimi nilikaa mlangoni kwake miaka kumi na tisa na ninachoweza kushuhudia ni hiki: alipokosea, hakutafuta maneno, alitafuta kitu chake mwenyewe cha kutoa. Sijakutana na wengi wa namna hiyo, na nitamkosa sana. Tamar anachukua chumba. Mtungi unabaki, tumeshapiga kura. Tunamshukuru Mama Émerence, mke wake, kwa kutuazima mtu huyu na kwa mikate ya Ijumaa, na tunamrudishia akiwa na magego kamili.

Mwisho, ombi kwa wote mliofika. Ukurasa unaofuata wa programu umeandikwa “Neno kutoka Kinkondja”. Atakayesimama ni Jephté mwenyewe, ana miaka sita. Kaakaa lililoshonwa linaachia hewa pale midomo inapofungwa na kufunguka, na kwa hiyo sauti za p na b ndizo zimempa taabu kuliko zote. Kwa muda mrefu zilikuwa zinatokea puani tu. Ève anasema tangu Pasaka anafanya mazoezi ufukweni, akiwa na unyoya mbele ya midomo ili aone hewa inapita wapi. Amekataa kusoma hotuba tuliyomwandikia. Amechagua kusema maneno mawili tu, na ni magumu kwake kuliko hotuba yetu nzima: Papa Banza. Tafadhali tusipige makofi, tusimsaidie, tusimtangulie, hata akichelewa.

Papa Zébédée, uzee wako uwe mwepesi, usingizi wako uwe wa kutosha, na meza yako isikose watu. Nenda na amani yetu sote. Ila kwanza kaa hapo ulipo, usikilize unavyoitwa, na uitike.